Mirija ya Maziwa ya Mama: Jinsi Ilivyo na Jinsi Inavyougua

Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa shule ya kambi mbele ya Kamati ya Jamii, wakazi na wageni, katika maadhimisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Juba, Agosti 2025



Wiki hii huadhimishwa ulimwenguni kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, na tarehe hiyo haikuokotwa ovyo. Tarehe 1 Agosti 1990 wajumbe wa serikali mbalimbali walipitisha Azimio la Innocenti katika mji wa Florence, Italia, la kulinda na kuhimiza unyonyeshaji, na tangu mwaka 1992 imekuwa desturi kulikumbuka kwa wiki nzima. Basi na sisi wa kambini tusiachwe nyuma.

Tangu tangazo libandikwe kwenye mlango wa ofisi, tumesikia wengine wakiuliza: mwalimu mwanamume ana habari gani na matiti ya wanawake? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kisa kimoja, nacho kilitupata sisi walimu wenyewe. Mhusika ametupa ruhusa tukisimulie, mradi tusimtaje jina.

Mwaka jana alirudi darasa la saba msichana aliyekuwa amekaa nyumbani kwa kujifungua. Tulimpokea kwa furaha, tukaandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio, tukampa kiti. Alipouliza kama anaweza kuja na mtoto, tulimwambia mtoto abaki kwa bibi yake, kwa sababu shule ni mahali pa masomo. Maneno hayo tuliyasema sisi, kwa kinywa chetu, na wakati ule tulijiona tumesema la busara. Masomo huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa saba mchana. Ukiongeza mwendo wa kwenda na kurudi, mtoto wa miezi miwili alikuwa anakaa saa sita bila kunyonya, na mama yake saa sita bila kunyonyesha.

Wiki ya pili akaanza kuja darasani amevaa sweta. Nyote mnalijua joto la Juba. Mtoto wa shule akivaa sweta saa tano mchana chini ya bati, mwalimu mwenye macho angeuliza. Hatukuuliza. Sweta lile lilikuwa la kuficha maziwa yaliyolowesha shati. Baada ya siku chache hakuonekana tena. Nyumbani titi la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama embe bichi, homa imepanda, na majirani wenye nia njema wakamwambia maziwa ya upande ule yameoza, asimpe mtoto. Mmoja akapasha kitana moto akalichana titi kutoka juu kwenda chini ili uvimbe ushuke. Haukushuka. Alipofikishwa hospitalini siku ya sita lilikuwa tayari ni jipu, likapasuliwa. Mtoto naye huku nyuma alikuwa anapewa maji ya sukari na biskuti iliyolowekwa, akaharisha, akaishia kwenye mpango wa kulisha watoto wenye utapiamlo. Tunamshukuru Mungu mtoto yupo hai. Mama yake hakurudi shuleni. Sasa anauza chai mjini.

Ndiyo sababu tumesimama hapa. Tulipotafuta kujua kilichotokea ndani ya titi lile, tuligundua kwamba hata picha tuliyokuwa tunaichora ubaoni miaka yote ilikuwa na makosa. Tuanze na picha hiyo.

Titi la mama ni tezi ya kutengeneza maziwa iliyozungukwa na mafuta na nyama laini za kuishikilia. Ukubwa wa titi kabla ya mimba hutokana zaidi na mafuta, wala hauonyeshi wingi wa maziwa. Mwanamke mwenye titi dogo asidharauliwe. Ananyonyesha kama mwenzake. Ndani ya tezi kuna vifuko vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vilivyokaa katika mashada. Kila kifuko kimezungushiwa nyuzi za msuli kama kikapu. Humo ndimo damu ya mama inamoleta maji, sukari, mafuta na protini, na chembe za kifuko zikavigeuza kuwa maziwa. Kutoka kwenye vifuko hutoka mirija myembamba, inaungana na kuwa mirija minene zaidi, mpaka kufika kwenye chuchu, ambapo kila mrija mkuu una tundu lake.

Chuoni tulifundishwa kuchora mirija 15 hadi 20, imepangwa sawasawa kama miali ya gurudumu la baisikeli, na karibu na chuchu kila mrija umetanuka kuwa kijibwawa cha kuhifadhia maziwa. Picha hiyo ilikaa katika vitabu zaidi ya miaka 100. Chimbuko lake ni kazi ya daktari mpasuaji wa London, Astley Cooper, aliyetoa kitabu chake kuhusu titi mwaka 1840. Alichukua matiti ya wanawake waliofariki wakiwa wananyonyesha, akayajaza nta ya rangi kupitia matundu ya chuchu ili aone njia za maziwa. Ajabu ni kwamba Cooper mwenyewe aliandika kuwa mirija aliyoweza kuijaza haikuzidi 12, na mara nyingi ilikuwa 7 hadi 10. Waliomfuata ndio waliozidisha hesabu, kisha kila mwandishi akanakili kwa mwenzake. Sisi walimu tunaijua sana tabia hiyo.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia, Donna Ramsay na wenzake, waliwapima akina mama 21 wanaonyonyesha kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile inayotumika kuangalia mtoto tumboni. Waliona kwamba kila titi lina mirija mikuu 9 kwa wastani. Wengine wana 4, wengine 18. Hawakuona kijibwawa chochote. Mirija karibu na chuchu ilikuwa na upana wa milimita 2 tu, ilipita karibu na ngozi, na ilibanwa kwa urahisi. Tena haikujipanga kama miali ya gurudumu. Ilipishana na kusukana. Aliyewahi kuchimba msingi wa nyumba karibu na mwembe ameiona picha hiyo: mizizi inaingiliana hata hujui upi unakwenda wapi.

Ndugu wasikilizaji, mtuvumilie katika jambo hili la kijibwawa, maana si la vitabuni tu. Kama maziwa hayakai kwenye kijibwawa nyuma ya chuchu, yanakaa wapi? Yanakaa juu, katika vifuko, na hayashuki mpaka yaitwe. Anayeyaita ni mtoto. Akikamata titi na kuanza kunyonya, habari inakwenda kwenye ubongo wa mama, na ubongo unatoa homoni mbili. Prolaktini inaviambia vifuko vitengeneze maziwa. Oksitosini inazibana zile nyuzi za msuli, na maziwa yanasukumwa kwenye mirija, nayo inapanuka kwa muda mfupi kuyapitisha. Mama wengi huhisi msisimko au kukaza, na titi la pili huanza kudondoka lenyewe. Wengine hawahisi kitu, na maziwa yanashuka vilevile. Kilio cha mtoto, hata cha jirani, chaweza kuyashusha. Hofu kali, maumivu au matusi ya mume yanaweza kuchelewesha mshuko huo. Kuchelewa tu, maziwa hayageuki sumu. Mama zetu waliovuka mpaka kwa miguu huku risasi zikilia waliambiwa na watu kwamba maziwa yamekatika. Wengi wao, walipofika, wakapata maji ya kunywa na mahali pa kukaa na mtoto ngozi kwa ngozi, maziwa yalirudi. Wengine wamekaa hapa mbele, wataeleza wenyewe wakipenda.

Sasa tuje kwenye matatizo.

La kwanza ni titi kujaa. Kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kujifungua, maziwa mengi huingia kwa mkupuo, na pamoja nayo damu na majimaji. Titi linakuwa zito, linang'aa, linauma, na chuchu inakuwa bapa hata mtoto haipati. Wengine huota uvimbe kwapani wakadhani ni mtoki, kumbe tezi ya maziwa ina kipande kinachofika mpaka huko. Dawa ya hali hii ni mtoto mwenyewe: kumweka titini tangu saa ya kwanza, na kumnyonyesha mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana bila kungoja ratiba. Maziwa ya mwanzo ya njano msiyamwage. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Chuchu ikiwa bapa kwa sababu ya uvimbe, mama aweke ncha za vidole kuizunguka, akandamize polepole kuelekea kifuani kwa muda wa dakika moja hivi. Majimaji yatarudi nyuma, na mtoto ataweza kukamata.

La pili ndilo watu huliita kuziba kwa mirija. Mama anahisi kidonge kigumu sehemu moja ya titi, kinauma, pengine ngozi juu yake imekuwa nyekundu kidogo; kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tupime kwa joto la kiganja na kwa maumivu. Zamani ilielezwa kwamba donge la maziwa yaliyoganda limekwama ndani ya mrija kama kizibo kwenye chupa, na ushauri ukawa ni kulikanda kwa nguvu, kuchua kuelekea kwenye chuchu, kukamua mpaka titi liwe tupu. Wengi wetu, wahudumu wa afya wakiwemo, bado tunashauri hivyo. Lakini mwaka 2022 jumuiya ya madaktari iitwayo Academy of Breastfeeding Medicine ilitoa mwongozo mpya unaosema vingine. Mirija ni mingi mno na imesukana mno hata kidonge kile kisiwe kizibo kimoja. Kinachotokea ni kwamba nyama zinazoizunguka zimevimba kwa damu na majimaji, na uvimbe huo unaibana kutoka nje. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa na gurudumu la gari: ndani hakuna uchafu wowote, ila maji hayapiti.

Mkishaielewa tofauti hiyo mtajua kwa nini kitana cha moto kilimdhuru yule msichana. Ukikanda kwa nguvu nyama iliyovimba, unazidi kuijeruhi, inazidi kuvimba, na mirija inazidi kubanwa. Ukikamua mpaka titi liwe tupu, na kukamua tena, mwili hudhani umezaa pacha na kuongeza maziwa. Isitoshe, titi halina utupu. Watoto, kwa wastani, huchukua kama theluthi mbili ya maziwa yaliyomo, yakabaki mengine, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Basi mama mwenye kidonge afanye nini? Aendelee kumnyonyesha mtoto pande zote mbili kama kawaida, asizidishe, asipunguze. Kama mtoto hayupo, akamue kwa mkono kiasi cha kupata nafuu tu. Aweke kitambaa cha baridi. Tunajua barafu hapa ni ya kununua, lakini maji ya zir yanatosha: kitambaa kiloweshwe, kikamuliwe, kiwekwe kwa dakika kumi, kisha tena. Majani ya kabichi yaliyopoa yanawapa wengine nafuu ya maumivu. Hatuwezi kuyasifu zaidi ya hapo, na bei ya kabichi sokoni mnaijua. Akitaka kupapasa, apapase juu juu kutoka kwenye titi kuelekea kwapani na kwenye mfupa wa bega, kwa wepesi wa mtu anayempapasa paka. Kwa maumivu, wahudumu watampa parasetamoli au ibuprofeni, ambazo hazimzuii kunyonyesha. Mara nyingi kidonge huisha kwa siku moja au mbili.

Pia aangalie nini kinabana. Tumesema mirija iko karibu na ngozi na ina upana wa milimita 2. Fundo la lawa lililokazwa juu ya titi linabana. Kamba ya mkoba, sidiria iliyopatikana kwenye mitumba isiyo ya kipimo chake, mtoto aliyefungwa kifuani siku nzima upande mmoja, kulala kifudifudi, vyote vinabana. Hata ile tabia ya kushika titi kwa vidole viwili kama mkasi wakati wa kunyonyesha inaweza kuufunga mrija. Heri kulibeba kwa kiganja kutoka chini. Na mtoto akamate sehemu kubwa ya duara jeusi, mdomo wazi, kidevu kikigusa titi. Akikamata ncha ya chuchu peke yake, chuchu itachanika na maziwa hayatatoka vizuri. Mara nyingine tundu moja la chuchu huota kitone cheupe kama chunusi, kinachouma mno. Kisitobolewe kwa sindano ya kushonea wala mwiba.

La tatu ni titi kuwaka moto. Kidonge kimeenea, kipande kizima cha titi kimevimba na kinachoma, mama anatetemeka kwa baridi, mwili unauma kama ana malaria. Hapa Juba jambo hili linatatanisha, kwa sababu kila homa tunaiita malaria. Mama anapimwa kidole, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani na titi lake halikuangaliwa, kwa kuwa hakulitaja na mpimaji hakuuliza. Tunawaomba wahudumu wetu: mama anayenyonyesha akija na homa, ulizeni habari ya matiti, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha ugonjwa.

Mwanzoni hali hii ni uvimbe bila vijidudu, na inaweza kutulia kwa matunzo yale yale tuliyoyasema. Ikipita saa 24 bila nafuu, au mama amezidiwa tangu mwanzo, huenda vijidudu vimeingia, hasa wale waitwao stafilokokasi wakaao kwenye ngozi, nao wanahitaji antibiotiki aliyoiandika mtaalamu, imezwe mpaka imalizike. Vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye meza za sokoni si tiba. Vinampunguzia homa siku mbili, halafu jipu linakuja.

Na je, maziwa ya titi hilo yameoza? Hapana. Mtoto mwenye afya anaweza kuyanyonya bila kudhurika. Huenda yakawa na chumvi kidogo akayakataa. Basi yakamuliwe kiasi. Kumwachisha ghafla upande ule ndiko kunakoharakisha jipu. Tunaongeza hapa neno moja kwa akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayetumia dawa zake vizuri amnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Lakini titi likiwaka moto au chuchu ikitoa damu, mama huyo aende kliniki siku hiyo hiyo, na kwa wakati huo mtoto anyonye titi lililo zima, lile gonjwa likamuliwe mpaka atakapoelekezwa.

Jipu ndilo la nne, na halihitaji maelezo marefu. Ni usaha uliokusanyika. Uvimbe unakuwa laini katikati, ukiubonyeza unacheza. Dawa ya kumeza peke yake mara nyingi haitoshi, ni lazima usaha utolewe kwa sindano au kwa kupasua. Wembe wa nyumbani usiguse, wala zile chale za kutoa damu mbaya. Wembe ukikata karibu na chuchu unakata mirija, na mirija iliyokatwa huenda isipitishe tena maziwa kwa watoto watakaofuata. Baada ya jipu kutolewa mama huendelea kunyonyesha upande mzima, na hata upande uliougua kama kidonda hakipo mahali pa mdomo wa mtoto.

Yapo pia mambo yasiyohusu unyonyeshaji ambayo hatutaki kuyaruka kwa kuona aya. Saratani nyingi za matiti huanzia katika chembe zinazotandika ndani ya mirija hii hii. Maziwa yenye damu katika siku za kwanza baada ya uzazi mara nyingi hutokana na mirija mipya kufunguka, yakatakata ndani ya wiki moja. Lakini kidonge kisichoondoka kwa wiki kadhaa, damu inayotoka kwenye tundu moja la chuchu kwa mtu asiyenyonyesha, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au titi linalowaka lisilosikia dawa yoyote, hayo yapelekwe kwa daktari, wala mama asikubali kurudishwa kwa kuambiwa ni maziwa tu.

Akina baba, mmenyamaza sana. Ni nani wanaopata matatizo haya zaidi hapa kwetu? Ni wale wanaokaa mbali na watoto wao kwa saa nyingi. Mama anayeponda kokoto upande wa Jebel huondoka alfajiri, anapiga mawe kwa nyundo mchana kutwa, na mtoto yuko kwa dada yake mwenye miaka tisa. Mama anayeuza chai Konyokonyo ni hivyo hivyo. Si kwamba hawajui thamani ya maziwa yao. Wanatafuta unga. Mwenye mke wa namna hiyo, kabla hajamlaumu kwamba mtoto amekonda, afikirie nani angeweza kumpelekea mtoto huko mara moja mchana, au nani angebeba yale madumu mawili ya maji jioni ili yeye akae chini anyonyeshe. Na wale wanaosema amembemenda mtoto, yaani mtoto anaharisha kwa sababu wazazi wamelala pamoja, tunawaheshimu kama wazee wetu, ila maziwa hayaharibiki kwa njia hiyo. Tumeona mtoto akinyimwa titi kwa hukumu hiyo na kupewa uji wa maji ya tangi.

Maji ya tangi tumeyataja makusudi. Sehemu kubwa ya Juba hunywa maji yanayoletwa na magari ya tangi. Oktoba 2024 serikali ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Renk, haukuchukua muda kufika mpaka huku. Katika mahali kama hapa, kila kikombe anachopewa mtoto wa chini ya miezi 6 badala ya titi ni bahati nasibu. Maziwa ya mama hayachemshwi wala hayapangiwi foleni. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita mama hutoa kama robo tatu ya lita kwa siku, au zaidi kidogo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna maneno mawili, nanyi mtusamehe yakiwa na ncha. Mnaijua Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu biashara ya maziwa mbadala, na mnao mwongozo wa kulisha watoto wakati wa dharura, unaokataza maziwa ya unga kugawiwa ovyo. Hata hivyo tumewahi kuona makopo yakishushwa hapa na wafadhili wenye huruma, yakapewa kila aliyenyosha mkono. Makopo yakaisha baada ya wiki tatu, na maziwa ya wale akina mama yalikuwa yameshapungua, kwa sababu titi lisilonyonywa huacha kutengeneza. Mtoto asiye na mama, au mwenye mama asiyeweza kabisa kunyonyesha, huyo asaidiwe, na asaidiwe mfululizo. Neno la pili ni foleni. Siku ya uhakiki wa vidole mama mwenye mtoto mchanga husimama juani toka asubuhi mpaka saa tisa. Tunaomba meza ya akina mama wanaonyonyesha iwe ya kwanza kufunguliwa, na liwekwe turubai la kivuli kando yake.

Na sisi walimu tusiwe watu wa kuwaomba wengine tu. Kikao cha walimu kilichokaa mwezi uliopita kimekubali mambo haya: mwanafunzi mwenye mtoto ataruhusiwa kutoka saa nne na saa sita kwenda kunyonyesha, bila kuandikwa mtoro; bibi au dada anayemlea mtoto anaweza kukaa chini ya mwarobaini nyuma ya darasa la nne, ambapo tumezungushia mkeka; na mvulana yeyote atakayecheka shati lililolowa ataonana na mwalimu wa zamu. Tumempelekea habari hizi yule msichana. Amesema atafikiri, maana sasa chai ndiyo inayowalisha yeye, mtoto na bibi. Tunalileta jambo hilo mbele ya Kamati, kama ipo njia ya kuisaidia nyumba ile kwa muhula mmoja.

Jumanne saa kumi jioni mkunga wetu atakuwa hapo hapo chini ya mwarobaini kuonyesha namna ya kumpakata mtoto na kukamua kwa mkono. Waje na watoto wao, na mwenye mwanasesere wa kitambaa aje naye pia, utatumika kwa mfano. Waume wanakaribishwa. Viti ni vichache, kila mtu abebe chake.